Mark II iliyoondokea gia ya nne: kisa cha injini ya 2JZ na gia otomatiki ya zamani

Gari liliingia uani saa mbili asubuhi, na kabla mwenyewe hajalizima nilishasikia shida yake. Getini pana kimwinuko kidogo, hakifiki hata kimo cha goti. Injini ikanguruma, gari likasita, kisha likapanda taratibu kana kwamba limejazwa mchanga. Akashuka, akanyoosha kidole chini ya gari.

"Fundi, gia imekufa. Nimeshaambiwa nitafute nyingine."

"Usinunue kitu kwanza, kaka. Nipe funguo."

Gari ni Toyota Mark II, bodi ya JZX90, ya katikati ya miaka ya 1990. Lilitoka kiwandani na injini ya 1JZ-GE ya 2.5 na gia otomatiki ya A340E. Nalijua kwa sababu miaka miwili nyuma nililifanyia huduma ya gia, na vipimo vyake vimo kwenye daftari langu. Baadaye injini ilichemka na kufa, mimi sikuwepo, mwenyewe akapata 2JZ-GE ya 3.0 iliyotoka kwenye Supra. Fundi mwingine akaifunga, gia ikaachwa ile ile.

Kwa karatasi, hii ni ndoa nyepesi. 1JZ na 2JZ ni ndugu wa tumbo moja: upana wa silinda ni milimita 86 kwa zote mbili, tofauti ni safari ya pistoni, 71.5 kwa 1JZ na 86 kwa 2JZ. Matundu ya boliti yanayoshika kengele ya giaboksi (ganda la mbele linalokutana na injini) yako mahali pamoja. Toyota wenyewe waliuza Mark II yenye 2JZ-GE na gia ya A340E, bodi ya JZX91. Kwa hiyo mtu akiuliza kama injini hii inafunga kwenye gia hii, jibu ni ndiyo, na hapo ndipo wengi huacha kuuliza.

Boliti haziambii gia chochote. Gia otomatiki ya umri huu inaifahamu injini yake kwa njia tatu: kwa mafuta yanayozunguka ndani ya konveta (chombo kinachopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye gia), kwa kebo inayotoka kwenye throtoli (mlango wa hewa wa injini) kwenda kwenye tumbo la gia, na kwa nyaya zinazotoka kwenye kompyuta. Njia moja ikikatika, gia nzima itafanya kazi kama gia mbovu, na itahukumiwa hivyo. Kwenye gari hili zilikatika mbili.

Niliwasha, nikakanyaga breki, nikaweka D. Gia ilishika vizuri, bila kishindo na bila kuchelewa. Nikaachia breki na kukanyaga mafuta: uvivu ule ule. Nikasimama, nikavuta mkono wa gia hadi L. Gari likaruka mbele kama gari jingine kabisa. Nikajaribu 2, likawa katikati ya hizo mbili. Hakuna taa yoyote iliyowaka kwenye dashibodi, na hilo ndilo lililomfanya mwenyewe aamini kwamba ugonjwa uko ndani.

Mimi hapo nilishapumua. Ndani ya A340E kuna solenoidi mbili (valvu zinazoendeshwa na umeme) za kubadilisha gia, na mpangilio wake ni huu: gia ya kwanza, solenoidi ya kwanza inapata umeme na ya pili haipati, gia ya pili, zote zinapata, ya tatu, inabaki ya pili peke yake, ya nne, zote zimezimwa. Sasa fikiria umeme haufiki kabisa. Ukiweka D, gia inakwenda moja kwa moja kwenye ya nne. Ukiweka 2, unapata ya tatu. Ukiweka L, unapata ya kwanza, kwa sababu hapo valvu ya mkono inaelekeza mafuta yenyewe. Watengenezaji waliipanga hivyo makusudi ili waya ukikatika njiani gari lisikuache porini. Gia ya kwanza ina uwiano wa 2.804, na ya nne iko chini ya moja, kwa hiyo anayeondokea ya nne ana karibu robo tu ya msukumo anaopaswa kuwa nao. Hakuna klachi iliyokufa hapo. Gia iliyokufa haikuchagulii gia tatu tofauti kwa utaratibu mzuri namna hiyo.

Nikafungua upande wa abiria, nikatoa kompyuta. Nyuma ya soketi kulikuwa na nyaya zilizokunjwa pamoja na kuzungushiwa tepu nyeusi, kazi safi kabisa, ncha zimekatwa sawasawa na kila moja imefungwa peke yake. Tatu kati yake zilikuwa za solenoidi: S1, S2, na SL ya kufunga konveta, yaani kuifanya izunguke sawa na injini bila kuteleza. Injini ilikuja na kompyuta yake kutoka kwenye Supra, na Supra hiyo ilikuwa ya gia ya mkono. Kompyuta ya gari la gia ya mkono haina kazi na solenoidi, na haiwezi kulalamika juu ya kitu isichojua kwamba kipo. Ndiyo maana taa zilinyamaza.

Nilimpigia simu fundi aliyefunga injini. Nilitaka kujua kuhusu vitu nisivyoweza kuviona bila kutenganisha gia, na nashukuru alikuwa na picha kwenye simu yake. Injini ya gari la gia ya mkono huwa na beringi ndogo mwisho wa krenkishafti, inayobeba ncha ya shafti ya gia. Ukifunga otomatiki bila kuing'oa, pua ya konveta inaweza kukosa nafasi. Alikuwa ameing'oa. Fleksipleti (sahani inayounganisha krenkishafti na konveta) alitumia ile ya 1JZ, na boliti zake alizilinganisha na kutumia zile zile za fleksipleti, hakuchukua ndefu za flaiwili ya gia ya mkono. Konveta aliisukuma hadi mwisho.

Hilo la konveta naomba nilikalie kidogo, maana limeua gia nyingi kuliko kitu kingine chochote nilichokiona kwenye kazi hii. Konveta haikai mahali pake kwa mdundo mmoja. Lazima ishike meno ya shafti inayoingiza nguvu kwenye gia, meno ya nguzo ya steta, na masikio ya pampu ya mafuta. Unaizungusha huku unaisukuma, inazama kidogo, unaendelea, inazama tena, unaendelea. Ikikosa ile ya mwisho, inakaa nje kidogo tu, na kwa macho inaonekana sawa. Kisha mtu anasogeza gia, inabaki nafasi ndogo kati ya kengele na injini, anaamua kuivuta kwa boliti. Kila mzunguko wa spana hapo unaisukuma konveta kwenye pampu mpaka pampu ipasuke. Kengele na injini zinapaswa kukutana kwa mkono, na baada ya kukutana, konveta iwe bado inazunguka huru na ina nafasi ya kuisogeza mbele hadi kwenye fleksipleti. Kila gari lina kipimo chake kwenye kitabu, toka uso wa kengele hadi uso wa konveta. Rula na dakika mbili zinatosha. Fundi yule alifanya hivyo. Kazi yake ya chuma haikuwa na kasoro.

Basi tukabaki na swali la kompyuta. Kurudisha ile ya 1JZ kungeleta gia zote siku hiyo hiyo, lakini kompyuta iliyopangiwa kulisha injini ya 2.5 haijui 3.0 inahitaji petroli kiasi gani ukikanyaga mpaka chini, na injini inayokosa petroli hapo huunguza pistoni. Kufunga kompyuta ya pembeni ya kuendesha gia peke yake ni njia nzuri, nimeitumia kwenye magari mengine, ila inataka usiku mwingi wa kupanga. Njia ya tatu ndiyo tuliyoichukua: kompyuta ya Mark II ya 3.0 otomatiki, inayojua injini hiyo na gia hiyo kwa pamoja. Ilichukua wiki tatu kupatikana.

Kuifunga si kuchomeka soketi tu. Kompyuta ya gia inahitaji kujua mkono wa gia uko wapi (N, 2, L), kama breki imekanyagwa ili iachie konveta, kama swichi ya O/D (inayoruhusu gia ya nne) imewashwa, injini ina joto gani maana ikiwa baridi hairuhusu gia ya nne wala kufunga konveta, na shafti ya nyuma ya gia inazunguka kwa kasi gani. Waya kwa waya nilifuata mchoro. Rangi sikuziamini: kwenye fungu lile kulikuwa na nyaya mbili zinazofanana rangi na mstari, moja ya breki, nyingine haikuhusu kabisa. Multimita ndiyo iliyozitenganisha.

Nikaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye kiboksi cha uchunguzi, taa ya O/D OFF ikaanza kupepesa sawasawa bila kukatika. Maana yake hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Ingepepesa namba ya hitilafu 62 au 63 ningerudi kwenye solenoidi za gia. 61 ingenirudisha kwenye sensa ya kasi iliyoko mkiani mwa giaboksi. 64 ni ya kufunga konveta. Tukatoka barabarani. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, zote zikaja. Mwenyewe alikuwa kiti cha pembeni, anacheka peke yake.

Kisha tukafika kwenye mlima, nikakanyaga kwa nguvu. Ya kwanza kwenda ya pili, sawa. Ya pili kwenda ya tatu, injini ikapaa. Sindano ilikuwa 5,400 na ilipaswa kushuka hadi karibu 3,500, kwa sababu ya pili ina uwiano wa 1.531 na ya tatu ni moja kwa moja. Badala yake ilipanda hadi 6,000, ikaning'inia hapo kama sekunde nzima, ndipo ikaanguka kwa kishindo. Niliondoa mguu papo hapo. Kicheko kikaisha.

"Si nilikuambia, fundi."

Kuteleza kwa namna hii si jambo la kurudia mara tatu ili kuhakikisha. Kila sekunde ya kuning'inia ni sahani za klachi zinazosagana zikiwa na moto. Tulirudi polepole.

Gia ya tatu ya A340E huletwa na klachi inayoitwa C2. Na klachi hiyo hiyo ndiyo inayotumika kurudi nyuma. Kwa hiyo kama C2 ingekuwa imeisha, hata R ingepaswa kuonyesha udhaifu. R ilikuwa inashika imara. Nilijizuia nisifurahi mapema, kwa sababu gia ikiwa R huongeza shinikizo la mafuta, na klachi iliyochoka inaweza kujificha nyuma ya shinikizo hilo. Lakini ilitosha kunifanya nisifungue gia siku hiyo.

Nikachukua kipimo cha kusimamisha konveta: kuona injini inafika mizunguko mingapi kwa mafuta yote, gari likiwa limezuiwa lisitembee. Magurudumu manne yamewekewa vizuizi, breki ya mkono, breki ya mguu, gia imepata joto, hakuna mtu mbele wala nyuma ya gari, D, mafuta mpaka chini, unasoma mizunguko, unaachia. Si zaidi ya sekunde tano, kisha unaacha gia ipoe kabla ya kurudia. Daftari langu la miaka miwili nyuma, na injini ya 1JZ, linasema 2,400.

Injini mpya isingeweza kutoa namba ile ile, na hapa ndipo hesabu inasaidia. Konveta humeza nguvu ya kuzungusha kwa kadiri ya mraba wa mizunguko. 1JZ-GE ya zamani ilitoa Nm 235 kileleni, 2JZ-GE inatoa 284. Hata kwa ujazo, 2,997 dhidi ya 2,492, ongezeko ni lile lile la asilimia 20. Kipeuo cha pili cha 1.2 ni karibu 1.1. Kwa hiyo konveta ile ile, nyuma ya injini hii, ilipaswa kusimama juu kidogo ya 2,600. Nilisoma 2,950 kwenye D. Baada ya kupoa, R ikatoa 2,900.

Ingekuwa juu upande wa D peke yake, ningeshuku klachi ya mbele. Ingekuwa R peke yake, ningeshuku C2 au breki ya kurudi nyuma. Zikiwa juu zote mbili, na mafuta yako kwenye kipimo, kitu cha kwanza cha kushuku ni shinikizo la mafuta lililo chini kwa gia nzima. Na shinikizo kwenye A340E hii linatawaliwa na kebo.

Kuna imani iliyoenea kwamba kebo ya gia ni ya kuamua gia ibadilike lini. Kwenye gia za zamani zisizo na kompyuta ni kweli, inafanya yote mawili. Kwenye A340E, lini ni kazi ya kompyuta. Kebo inasema kwa nguvu kiasi gani: mguu wako ukishuka, kebo inavuta valvu tumboni mwa gia, shinikizo linapanda, klachi zinabanwa zaidi. Mtu akiilegeza ili gia "zibadilike laini" anapata ulaini kweli, na anaulipa kwa sahani za klachi.

Nikafungua kofia ya kebo, nikamwomba kijana akanyage mafuta mpaka mwisho, injini imezimwa. Juu ya waya kuna kipande kidogo cha chuma kilichobanwa kiwandani kama alama. Throtoli ikiwa wazi kabisa, alama hiyo inapaswa kuwa kati ya milimita 0 na 1 kutoka kwenye mdomo wa ganda la kebo. Nilipima 9.

Throtoli ya Supra ya gia ya mkono haikuwa na mahali pa kushikia kebo hiyo. Fundi alikata bati, akalikunja vizuri, akalitoboa, na kebo akaifunga kwenye gurudumu la throtoli mahali palipokuwa na nafasi. Ningeweza kukaza nati zile mbili na kuipeleka kwenye milimita 1, na namba ingekuwa sahihi. Sikufanya hivyo, na hili ndilo ningependa mtu anayefanya kazi kama hii alishike. Mahali aliposhikia palikuwa karibu mno na kitovu cha gurudumu. Kebo ilisafiri kidogo kuliko inavyopaswa kwa kila nyuzi ya throtoli. Ukirekebisha ncha tu, shinikizo linakuwa sawa mguu ukiwa chini kabisa, lakini kebo inabaki imevutwa hata mguu ukiwa umeachia: gia inagonga kila inapobadilika mjini. Na ukirekebisha upande wa kuachia, ncha ya juu inapwaya, klachi zinateleza mlimani. Safari nzima ya kebo lazima ifanane na ile iliyokusudiwa, na kinachoamua safari hiyo ni umbali wa kebo kutoka kwenye kitovu.

Dawa ilikuwa throtoli nzima ya 2JZ-GE ya gari la otomatiki, yenye mfereji wake wa kebo na kishikizo chake. Baada ya kuifunga nilipima sensa yake, maana kompyuta inasoma mguu kupitia hapo: volti 0.5 ikiwa imefungwa, 4.1 ikiwa wazi, ndani ya mipaka ya 0.3 hadi 0.8 na 3.2 hadi 4.9. Kebo nikaiweka kwenye nusu milimita. Kisha nikafunga geji kwenye tundu la kupimia ubavuni mwa gia, gari limewashwa, mkono wa gia kwenye P, nikavuta kebo kwa kidole. Sindano ikapanda pamoja na kidole, ikashuka pamoja na kidole. Nikamwita mwenyewe aje avute mwenyewe. Alivuta mara nne au tano, kimya.

Kipimo cha kusimamisha konveta kikatoa 2,600 kwenye D na 2,600 kwenye R.

Sampo ya gia (bakuli la mafuta la chini) nilikuwa nimeishusha kabla ya hapo. Mafuta yalikuwa ya hudhurungi, yana harufu ya kuungua kidogo, lakini sumaku zilikuwa na ule unga laini wa kijivu wa kawaida, bila vipande vya chuma vinavyong'aa wala magamba meusi ya klachi. Nikabadilisha kichujio, nikajaza mafuta mapya ya Dexron, na nikaongeza kipoza mafuta mbele ya rejeta, baada ya kile kilicho ndani ya rejeta. Injini yenye nguvu zaidi kwa asilimia 20 inapika mafuta zaidi kwenye konveta, na gia hii tayari ilikuwa imeshaonja moto.

Difu tuliiacha ya zamani. Mwenyewe alikuwa na wasiwasi kwamba kompyuta ya gari la 3.0 itachanganyikiwa, lakini kompyuta hiyo inasoma kasi kwenye shafti ya gia, kabla ya difu. Injini itabadilisha gia kwenye mizunguko ile ile. Kinachosogea ni kasi ya barabarani tu.

Tulirudi kwenye mlima ule ule jioni. Ya pili kwenda ya tatu kwa mguu wote, sindano ikatoka 5,400 ikashuka moja kwa moja hadi juu kidogo ya 3,500. Tulirudia mara moja tu.

C2 imepoteza sehemu ya umri wake, na hilo nilimwambia waziwazi. Tulikubaliana alete gari baada ya kilomita 1,000 nishushe sampo tena. Alileta. Mafuta yalikuwa bado mekundu, sumaku zina unga kidogo kuliko mara ya kwanza, na kipande cha chuma kwenye kebo kilikuwa pale pale nilipokiacha.